Mwaka Walioniita Mrija

Kwenye mkutano wa matanga ya Baba Rosa, katika ukumbi wa Kaloleni, walinipa kiti cha mbele. Sikukiomba. Nilifika nimechelewa kidogo kwa sababu wateja wangu hawaniachi, nikasimama mlangoni natafuta pa kujibanza, na mama mmoja wa kamati akaja akanishika mkono mbele za watu. "Wewe hukai nyuma," akaniambia, "wewe ni mtoto wa gereji." Nikapita katikati ya viti vya plastiki huku vijana wakinong'onezana kwamba huyo ndiye mwenye gereji ya paa la bluu kule Industrial Area, ile yenye winchi za kuinulia malori. Nilifurahi, sitaficha. Mtu aliyewahi kulala ndani ya bodi ya gari bovu, kisha akaamka siku moja na paa lake mwenyewe, ana haki ya kufurahia kiti cha mbele hata kama ni cha matanga. Kiti cha pembeni yangu kilikuwa na mzee mnene mwenye mvi, ameshika kofia magotini, na sikumtambua mpaka aliponinusa kama anayenusa maziwa. "Buda, bado unanuka grisi," akasema. Nikamjibu kwamba yeye bado ananuka mitumba. Alikuwa Njoro. Hatukuwa tumeonana tangu alipohamia Ruiru, na tulishikana mikono muda mrefu kuliko wanaume wanavyoshikana kwa kawaida.

Mwenyekiti akaomba wachache waseme neno juu ya marehemu. Njoro akaniinamia sikioni. "Utasema ile ya mafuta?" Nikamwambia nisiposema ile nitasema gani, maana Baba Rosa alinifundisha kazi kwa miaka lakini alinipa maisha kwa wiki moja. Nilisimama nikaianza, na sikuwa nimefika hata kwenye injini mwenyekiti akagonga meza na kusema wasemaji wawe wafupi, bado mchango haujafunguliwa. Nikakaa. Kwa hiyo naiandika hapa, ambapo hakuna wa kunigongea meza. Sikusoma sana, shule niliiaga mapema, na anayetaka Kiswahili cha vitabuni amevuka barabara isiyo yake. Lakini kusimulia najua, na kutengeneza gari najua kuliko wengi mnaowalipa.

Mwaka huo nilikuwa kijana wa kidevu kitupu. Gereji ya Baba Rosa haikuwa na paa. Ilikuwa kiwanja nyuma ya maghala, upande ambao Kaloleni inaishia na Industrial Area inaanza, na udongo wake ulikuwa umekunywa oili hadi ukawa mweusi na laini kama keki. Mvua ikinyesha hapakuwa na matope, maji yalikaa juu yakitoa rangi za upinde. Kulikuwa na kibanda cha mabati cha kuwekea spana, na bodi ya gari la mizigo lisilo na magurudumu, ambayo ndiyo ilikuwa chumba changu. Nililala kwenye kiti cha nyuma cha gari jingine, nikitazama dari ya chuma ambayo mtu fulani aliwahi kubandika picha za wachezaji, na asubuhi nilijua saa kwa king'ora cha kiwanda. Nilikuwa nalinda vifaa na magari ya wateja, na sikulipwa kwa kulinda, lakini nilikuwa na mlango wa kufunga kwa komeo, jambo ambalo vijana wengi wa Mukuru kwa Reuben niliowahi kugombania nao vibarua vya viwandani hawakuwa nalo. Nilijiona tajiri.

Mchana tulikula kwa Baba Rosa. Alikuwa amestaafu kwenye karakana ya reli na bado aliishi Kaloleni, chumba kimoja chenye pazia katikati: upande huu viti vya mbao vyenye vitambaa vilivyofumwa na mkewe, upande ule kitanda na masanduku. Rosa mwenyewe alikuwa ameolewa Kakamega zamani, jina tu ndilo lililobaki nyumbani. Mama Rosa alitupikia ugali mgumu wa kumega na mboga za kunde, na Jumamosi chapati. Alikuwa na desturi ya kukuwekea chakula halafu kukaa mkabala nawe, mikono mapajani, akikuangalia ukitafuna kama hakimu. Ukisema umeshiba alikuuliza, "Umeshiba nini?" na kukuongezea. Nimekula katika hoteli kubwa za jiji hili, nimekatiwa nyama na watu waliovaa glavu, lakini nikiota njaa naota kile chumba.

Sasa, gari. Njoro wakati huo alikuwa kijana wa Gikomba aliyepata mapema, akiuza viatu vya mitumba kwa jumla. Alinunua gari dogo la Kijapani lililokuwa na heshima zake, akalivua heshima zote. Alilishusha mpaka tumbo likakaribia lami. Akafunga bawa kubwa juu ya kifuniko cha buti, la kukata upepo, kama kwamba Jogoo Road kuna siku msongamano umewahi kumruhusu mtu kukutana na upepo. Akataka injini kubwa ya pikapu, na hiyo tulimfungia sisi, na nisiwe mnafiki, kazi kubwa niliifanya mimi: nilikata, nikatengeneza vishikilio vipya, nikaoanisha mabomba, na ilipowaka mara ya kwanza mafundi wa gereji za jirani walikuja kusimama. Shida ilikuwa tangi. Gari likiwa chini vile, tangi la kiwandani lilikwaruza kila tuta, basi Njoro akaenda kwa jamaa mmoja wa Gikomba aitwaye Mwas, mtengeneza masanduku ya shule, akatengenezewa tangi la bati nene la kukaa ndani ya buti. Juu yake wakajenga boksi la mbao, na juu ya boksi wakapanga spika ambazo zikipigwa vikombe vilitembea mezani nyumba ya tatu. Gari lilikuwa jekundu. Njoro aliliita Malkia na alimaanisha.

Kila Jumamosi Njoro alikuwa na utaratibu. Mchana alijaza tangi, kisha akapeleka Malkia kuoshwa na wale vijana wa pampu ya maji karibu na mto, halafu jioni akalileta gereji lilale, kwa sababu mtaani kwake vioo vya pembeni vilikuwa vinang'olewa. Jumapili asubuhi alikuja na suti, mkewe Wanja na mama yake mzazi, wakaingia ndani na kwenda kanisani muziki ukiwa umepunguzwa kwa heshima. Na Jumapili moja akaingia, akawasha, akatazama dashibodi, akatoka tena.

"Saya, kuja," akaniita. Jina langu Isaya, lakini Eastlands jina refu ni mzigo. "Hii mshale ya mafuta jana uliiona wapi?"

"Juu kabisa."

"Na saa hii?"

Nikachungulia. "Imeshuka."

"Imeshuka na lifti?" Akafungua buti, akanusa, akanitazama. "Msee, ukinyonya mafuta ya mtu, basi hata usimwage. Buti yote inanuka."

Mama yake, aliyekuwa ameketi ndani na Biblia, akasema kwa sauti ya upole, "Achana na mtoto wa watu, Njoroge. Labda gari lako hulewa likiachwa peke yake." Wanja akacheka, Njoro hakucheka. Mimi nilikuwa nimesimama pale na suruali yenye oili. Nilimwambia sikugusa. Akaniambia wiki ijayo tutaona. Wiki iliyofuata tukaona vilevile. Jumamosi limejaa, Jumapili limepungua, buti inanuka, na kati ya Jumamosi na Jumapili mtu pekee aliyekuwa kwenye kiwanja kile ni mimi. Katikati ya wiki, Njoro akilizungusha Gikomba na kwingine, halikupoteza hata tone lisilo na maelezo. Niambie ungekuwa wewe ni Njoro ungefikiri nini.

Mafundi wenzangu walinipa jina. Oti, ambaye tulikuwa tunakula sahani moja, ndiye aliyelianzisha. "Mrija, nirushie spana ya kumi na nne." Wakacheka. Kwa wiki nzima nikawa Mrija, ule wa kunyonyea mafuta, na wao waliona ni utani. Lakini mtaani jina huanza kwa utani. Kesho yake mwuza chai anakuambia, "Mrija, wewe leo unalipa kwanza," halafu mtu wa kule ng'ambo ya barabara anapotelewa na betri na kabla hajaangalia vizuri anageuza shingo upande wako. Katika mitaa yetu mtu aliyeitwa mwizi mbele ya watu wengi hapewi muda wa kueleza. Nilikuwa nimeona mambo kama hayo kwa macho yangu mwaka uliotangulia, karibu na reli, na sitayaandika.

Baba Rosa hakusema kitu kwa muda. Alikuwa mtu wa kunyamaza na kupima, alisikiliza injini kwa kuweka bisibisi sikioni na alisikiliza watu kwa namna hiyohiyo. Jumamosi moja akaniambia, "Kijana, leo utalala kwangu. Oti atalala kwenye bodi." Nilifurahi mno. Nilijua sasa mafuta yatapotea nami sipo, na ukweli utajisimamia wenyewe. Nililala sakafuni upande wa viti, kichwa karibu na mitungi ya maji, maana wiki hiyo mabomba yalikuwa yamekauka Eastlands yote na Mama Rosa alikuwa ameshinda foleni hadi miguu ikamvimba. Alilalamika nusu ya chakula cha jioni: hakuna maji ya kufua, hakuna ya kupikia, hata wale vijana wa kuosha magari amewapita wamekalia ndoo zao kifudifudi wanacheza karata. Mimi nilikuwa nakula tu. Sikusikiliza. Nilikuwa nahesabu saa za kuonekana mtu mwaminifu.

Asubuhi tukaenda pamoja gereji. Njoro alikuwa tayari amefika na familia yake, suti ya kijivu, na Malkia lilikuwa na vumbi hata huwezi kulijua rangi. Akawasha. Mshale ukapanda ukaenda juu kabisa ukasimama pale. Tangi limejaa. Buti hainuki kitu. Njoro hakupiga kelele, na nilitamani apige. Alizima tu gari, akatoka, akasema, "Mzee, umeona mwenyewe." Baba Rosa akavua kofia, akaikunja, akaivaa tena. Oti aliangalia viatu vyake. Ninavyoandika haya nina nyumba, nina wafanyakazi, nina watoto waliosoma hadi wananirekebisha ninavyotamka, na bado mshale ule uliosimama juu naukumbuka. Ushahidi ulikuwa umekamilika, na ulikuwa wa uongo, na hakuna mtu aliyekuwa amedanganya.

Mchana huo nilikaa nje ya mlango wa Kaloleni nikiosha bakuli kwa maji kidogo yaliyobaki, na wao walikuwa ndani, nyuma ya pazia. Mama Rosa hakujua kunong'ona. "Kama ni mwizi," alisema, "mbona viatu vyake vinacheka? Mwizi gani asiyejinunulia viatu?"

"Sikusema ni mwizi."

"Umesema nini basi?"

"Nimesema mteja amekosa mafuta yake kijana akiwepo, na hajayakosa kijana asipokuwepo."

"Hiyo ni kusema ni mwizi kwa njia ndefu, Baba Rosa."

Nilisikia kiti kikilia. Halafu akasema, "Nimemwambia Njoro aliache gari kwangu wiki nzima. Nimeweka jina langu. Jumapili ijayo, kama sina jibu, kijana atachukua nguo zake. Nitaumia, lakini siwezi kukaa na mtu ambaye wateja wanahesabu mafuta akipita." Kisha akaongeza: "Mimi naamini gari. Mtu anaweza kuficha. Gari lina sababu."

Nilikaa na lile bakuli mkononi. Sikuwa na mahali pengine. Kutoka gereji ile na jina lile, jina lingenitangulia kila nilikokwenda, kutoka Kariobangi mpaka Kirinyaga Road. Lakini maneno ya mwisho niliyashika. Gari lina sababu. Leo vijana wangu wakinijia na uso wa kushindwa nawaambia hayo, nao wanadhani ni maneno yangu, nami siwasahihishi kila mara.

Jumatatu nilianza. Niliangalia bomba la mafuta kutoka nyuma hadi mbele, kila kiungo, pampu, chujio, bomba la kurudisha. Kavu. Nilishusha spika, nikafungua kifuniko cha boksi la mbao, nikapanda ndani ya buti kwa tumbo nikitumia tochi. Tangi lilikuwa kavu kama mfupa. Hapo nikakumbuka ujanja wa kutafuta unyevu usioonekana: unapaka unga. Penye mafuta, hata kama ni jasho tu, unga unabadilika rangi na kukuchorea njia. Nikaenda kwa Mama Rosa.

"Nataka unga wa ngano, mama."

"Unapika?"

"Nataka kupaka gari."

"Hata poda ya Jumapili mimi sina, gari lipakwe." Lakini akaingia ndani akaniletea pakiti, na nilijua ni ile ya chapati. Nikapaka tangi lote unga, kila ukingo, kila mshono, likawa jeupe kama sanamu. Nikafunga. Jumanne nikafungua: jeupe. Jumatano nikafungua: jeupe. Oti alikuja akachungulia, akasema, "Mrija, ukimaliza kuoka tuletee kipande," nami sikuwa na nguvu hata ya kumtukana. Nilianza kufikiria jambo ambalo linaogopesha kuliko kusingiziwa. Nilianza kujiuliza kama huenda natembea usingizini.

Alhamisi mchana ikanyesha. Tulikuwa tumeisubiri mvua hiyo miezi, na ilikuja bila adabu, ikapiga mabati ya kibanda hata hatukusikizana. Tulijibanza sote mle ndani, mimi na sahani yangu ya ugali na maharage, tukitazama magari yakioshwa bure. Malkia lilikuwa pale wazi, buti imefungwa, maji yakitiririka kwenye lile bawa lake. Mvua ilipokatika hewa ilikuwa safi kama imetolewa kwenye karatasi. Na katika hewa ile safi nikasikia harufu. Sisi wa gereji pua zetu zimezoea petroli, hatuinusi tena, kama mwuza samaki asivyonusa samaki. Lakini mvua ilikuwa imeosha harufu nyingine zote, ikabaki hiyo moja, imesimama peke yake kama mtu aliyeitwa jina. Niliweka sahani chini. Chini ya buti, kwenye kile kitundu cha kutolea maji, matone yalikuwa yanadondoka, na ule udongo mweusi ulikuwa unayameza palepale bila kuacha alama. Kwa wiki zote zile kiwanja chetu chenyewe kilikuwa kimemficha mwizi.

Nilifungua buti. Maji yalikuwa yameingia kwenye matundu ya boliti za lile bawa, yakadondokea ndani ya boksi la mbao na kutuama chini, tangi likiwa limekalia dimbwi. Unga wa juu ulikuwa bado mweupe. Wa chini ulikuwa umegeuka uji. Na kwenye mshono wa chini wa tangi, pale uji ulipokuwa na mstari mweusi, palikuwa na kitu ambacho sikukitarajia hata kidogo. Nikagusa kwa kidole. Kiliteleza. Nikasugua vidole viwili. Kikatoa povu.

Petroli haitoi povu. Nilisimama pale vidole hewani, na nikaita, nadhani niliita kwa sauti ya mtoto. Baba Rosa alikuja bila haraka, akichota maharage ya mwisho. Nikampa mkono wangu kama ninayemwamkia. Akasugua lile povu kwenye vidole vyake, akanusa, akasema, "Hii ni sabuni ya kufulia."

Kila fundi wa Eastlands anaujua ujanja huo, na kila dereva wa safari ndefu. Tangi likitoboka njiani, unachukua kipande cha sabuni ya mche, unakisugua kwenye tundu mpaka linaziba. Petroli haiyeyushi sabuni, itakaa. Lakini ni ya kukufikisha nyumbani tu, ukifika unachomelea, kwa sababu kinachoyeyusha sabuni kila mtu anakijua, hata mtoto wa chekechea. Yule Mwas wa masanduku alikuwa ameona mshono wake unavuja, akaupaka sabuni, akaufunika na rangi, akaufungia kwenye boksi la mbao ambapo hakuna jicho litakalofika.

Baba Rosa alikaa kwenye tairi. "Ile Jumamosi ulilala kwangu," akasema polepole, "gari lilikuwa limeoshwa?"

Nami nikaliona lile vumbi. Nikawaona vijana wa pampu wamekalia ndoo, kama Mama Rosa alivyosema. "Maji hayakuwepo," nikasema.

"Maji hayakuwepo," akarudia. Kila Jumamosi pampu ilijaza boksi lile maji, sabuni ikalainika, tangi lililojaa likavuja usiku kucha; ikifika Jumatatu sabuni imekauka tena imeshika. Akaanza kucheka. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo, bila sauti, mabega tu, mpaka akashika ukuta wa kibanda. Oti na wengine wakaja, wakaoneshwa, wakasugua vidole mmoja mmoja kama watu wanaopaka mafuta ya kanisa. Oti aliangalia vidole vyake vyenye povu, kisha akaniangalia mimi. "Saya," akasema. Jina nililisikia.

Watu hufikiri unafuu ni furaha, lakini siku hiyo nilijifunza kwamba ni uchovu: ni kama umebeba friji hadi ghorofa ya nne na mtu anakuambia sasa weka chini. Na nyuma yake ukaja woga, kwa sababu tulipotazama vizuri ndani ya lile boksi tuliona nyaya za spika zimepita juu ya petroli, zimeungwa kwa kusokotwa na kuzungushiwa selotepu, na tukakumbuka mama mzee wa Njoro anaketi kiti cha nyuma, mgongo wake na tangi lile vikiwa vimetenganishwa na godoro la siti, na Njoro mwenyewe alikuwa akivuta sigara akiendesha. Baba Rosa aling'oa waya wa betri kwa mkono wake. "Mungu ana kazi nyingi Nairobi," akasema.

Njoro alikuja jioni ileile na Mwas, akimsukuma mbele yake. Mwas alikuwa mtu mfupi mwenye kujiamini. Akatazama povu, akatutazama, akauliza kwa mshangao wa kweli, "Sasa nani huosha tangi?" Hata Njoro alishindwa kumpiga.

Kazi ya kulirekebisha hatukumwachia. Ijumaa tulilikamua petroli yote, tukalisuuza tena na tena, kisha Baba Rosa akaniamuru niligeuze juu chini na nilijaze maji, nikibakisha tu ule mshono uchungulie juu, ili pasiwe na nafasi ya mvuke kujificha. Vijana wengi wamezikwa kwa kuchomelea tangi walilodhani ni tupu. Moto wa jiko tuliuwasha mbali, upande ule upepo unakotoka, na chuma cha kulehemu kilipashwa kule kikaletwa kikiwa chekundu-kahawia. Nilikwangua sabuni yote na rangi mpaka bati likang'aa. Nilidhani atalehemu yeye. Alinipa chuma. "Jina ni lako," akasema, "shona mwenyewe." Nililehemu mshono ule mpole mpole, risasi iliyoyeyuka ikikimbia kama zebaki na kutulia, na niwaambie bila aibu: sijawahi kuona lehemu nzuri kama ile, na nimeona nyingi, nyingi zikiwa zangu. Tukaziba matundu ya boliti za bawa kwa mpira. Tukatoboa boksi litoe maji. Nyaya nikazipitishia kwingine, ndani ya bomba. Nikapaka unga uliobaki.

Jumamosi maji yalikuwa yamerudi. Njoro alijaza tangi, akalipeleka likaoshwa, na safari hii aliwaambia wale vijana wa pampu wasihurumie. Akalileta jioni. Baba Rosa akamuuliza nani alale kwenye bodi. Njoro akajikuna shingo. "Si ni chumba chake?" akasema, akaondoka.

Asubuhi walikuja mapema, suti, Biblia, kitenge kipya cha Wanja. Baba Rosa alikuwepo, hata Mama Rosa alikuwa amekuja, ameshika mkoba wake wa kanisani kifuani. Hakuna aliyegusa gari kabla ya Njoro. Aliingia, akawasha. Mimi sikutazama dashibodi, nilitazama uso wake. Halafu akazima, akazunguka nyuma, akafungua buti, akainua ubao, na wote tukaona: unga mweupe, mkavu, chini mpaka juu. Njoro hakuwa mtu wa kuomba msamaha, na hadi leo sidhani anajua inavyofanywa. Alifunga buti. Akatoa funguo, akazipima mkononi, akanirushia. "Saya, mimi leo nataka kukaa nyuma na mamangu. Tupeleke."

Niliwaendesha hadi kanisani na suruali ileile ya oili, mkono mmoja nje ya dirisha, na kila mtu wa Jogoo Road asubuhi ile aliniona, kama hakuniona ni shauri yake. Walipoingia ibadani nilibaki ndani ya gari, vioo chini, chini ya kivuli cha ukuta. Nilivuta pumzi. Palinuka siti, marashi ya Wanja, na mvua ya Alhamisi kwenye majani. Hapakuwa na petroli. Wiki nyingi sikuwa nimelala usingizi wa mtu, na pale nikalala, mdomo wazi, funguo za gari la watu kifuani. Sikusikia nyimbo wala mahubiri. Nilichosikia ni milango kufunguliwa taratibu, na Njoro akianza kusema, "Saya, amka tu," na mama yake akimkatiza huku akijipanga kwenye siti ya nyuma na kuweka Biblia magotini.

"Mwache alale," alisema. "Hatuna haraka."

Nao wakakaa mle ndani, wote watatu, jua likipanda, wakizungumza kwa sauti ya chini, mpaka nilipoamka mwenyewe.